Gari la Zamani Linalotoa Moshi: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kufungua Injini

Swali hili hunifikia mara kwa mara kwa maneno tofauti. Mtu amerithi Land Rover ya babu yake, au amenunua Peugeot 504 iliyokaa miaka chini ya mgomba huko Machame, ameiwasha, na bomba la nyuma limetoa moshi mpaka majirani wamefunga madirisha. Fundi wa kwanza aliyeitwa ametazama kwa dakika moja na kutoa hukumu kwamba ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, zimekwisha na injini ifunguliwe. Mwenye gari anataka kujua kama hilo ni kweli. Huenda ni kweli, lakini hakuna fundi awezaye kulijua kwa kutazama dakika moja, na kufungua injini ndiyo hatua ya mwisho ya kazi hii.

Mwongozo huu unahusu injini za petroli zenye kabureta, zile za magari yaliyotengenezwa kabla ya kompyuta kuingia chini ya boneti. Dizeli ina kanuni zake na sitaigusa hapa. Msomaji wa mji wa Moshi anisamehe pia: neno hilo likianza kwa herufi ndogo, ninazungumzia kile kinachotoka kwenye bomba.

Vitu vya kuandaa

Tenga siku mbili, kwa sababu vipimo kadhaa vinahitaji injini iliyolala usiku kucha ikapoa kabisa. Kisha kusanya vitu hivi:

- daftari na kalamu, ambavyo watu hudharau na ndivyo vitakavyokuokolea fedha nyingi zaidi;
- spana ya plagi, fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mianya), na seti ya kawaida ya spana (Land Rover nyingi za zamani zinatumia saizi za inchi, hivyo usilazimishe spana za milimita);
- geji ya kupimia kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), ambayo unaweza kuiazima gereji ukiacha dhamana;
- karatasi ngumu nyeupe, kwa mfano ubavu wa boksi;
- kamba ya nailoni safi, laini, yenye unene wa kidole kidogo na urefu wa mita moja na nusu;
- kijiko cha chai, oili safi, tochi, na betri iliyojaa chaji;
- kitabu cha gari lenyewe, hata nakala iliyotolewa fotokopi, kwa ajili ya vipimo vya kukaza bolti na nafasi za valvu;
- mtu wa kukusaidia, ambaye atakaa nyuma ya gari au ndani ya gari linalokufuata.

Tahadhari ni tatu. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa gesi ya monoksidi kaboni haina harufu na huua mtu kabla hajajua kwamba anaumwa. Usifungue mfuniko wa rejeta wakati injini ni ya moto. Na kila unapozungusha injini kwa stata huku plagi zikiwa nje, chomoa kwanza waya wa koili, kwa sababu cheche moja karibu na mvuke wa petroli inatosha kuunguza gari ulilokuwa unataka kuliponya.

Hatua ya 1: Andika moshi unatoka wakati gani

Watu wengi huanza na rangi. Rangi inasaidia, lakini kwenye jua kali la mchana moshi wa bluu hafifu na mvuke wa maji hufanana, na mashahidi wawili wanaweza kuapa vitu viwili. Wakati hautatanishi namna hiyo. Gawa ukurasa wa daftari katika nyakati tano, kisha andika unachokiona katika kila moja: injini inapowashwa ikiwa baridi, injini ikiwa silensa, yaani ikizunguka bila kukanyagiwa mafuta, kwa dakika tano, unapopanda mlima ukiwa umekanyaga, unaposhuka mlima ukiwa umeachia mafuta, na unapokanyaga tena baada ya mteremko.

Kipimo cha mteremko ndicho ninachokiamini kuliko vyote kwa moshi wa bluu, na sisi wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro tumebahatika kuwa na miteremko ya kutosha. Chukua barabara ya lami itokayo Marangu kushuka Himo, au ukiwa Arusha ile itokayo Ilboru kuingia mjini, na uchague saa ambayo magari ni machache. Weka gia ya tatu, ondoa mguu kwenye mafuta, uiache injini ishikilie gari kwa takriban kilomita moja, kisha kanyaga. Msaidizi aliye nyuma atazame bomba. Wingu la bluu likitoka mara tu unapokanyaga kisha likapungua, oili inapita kwenye valvu, kwa kuwa wakati wa kushuka mvuto ndani ya manifodi, yaani bomba linaloingiza hewa na petroli kwenye silinda, ni mkubwa na huinyonya oili kupitia gaidi zilizolegea, yaani vibomba vinavyoshikilia mashina ya valvu. Ikiwa wakati wa kushuka na mara baada yake moshi ni kidogo, lakini unaongezeka kadiri unavyovuta mzigo na kupanda, hapo ringi zinaanza kushukiwa.

Wingu dogo la bluu la asubuhi linalotoweka ndani ya dakika moja nalo linaelekeza kwenye siili za valvu, vile vizibo vya mpira vinavyozuia oili kushuka kwenye mashina yake, kwa sababu oili imeshuka usiku na kukaa juu ya pistoni.

Hatua ya 2: Tumia karatasi kutofautisha rangi

Injini ikiwa imepata moto, shika karatasi nyeupe sentimita ishirini kutoka mwisho wa bomba kwa nusu dakika, huku msaidizi akipiga resi za wastani. Matone yanayokauka bila kuacha alama ni maji. Madoa yanayonata na kung'aa ni oili. Unga mweusi mkavu unaopanguswa kwa kidole ni masizi ya petroli isiyoungua vizuri. Tazama pia jinsi moshi unavyokaa hewani: mvuke hupotea ndani ya mita chache, lakini moshi wa oili huning'inia na harufu yake hushika kwenye nguo.

Kabla ya kuogopa moshi mweupe, kumbuka majira. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi za Arusha ni za baridi, na bomba lililolala na unyevu litatoa mvuke hata kwenye injini nzima. Ukitoweka ndani ya dakika kumi na maji ya rejeta hayapungui, huna ugonjwa wa kutibu.

Hatua ya 3: Toa plagi zote na uzipange kwa mfuatano

Zipange mezani kwa namba za silinda na usizichanganye. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi kwenye plagi zote yanaelekeza kwenye kabureta au chujio cha hewa. Oili mbichi kwenye plagi moja tu ni habari njema kidogo, kwa sababu tatizo liko kwenye silinda moja. Plagi moja iliyo safi mno, kana kwamba imeoshwa, huku wenzake wakiwa na rangi, inaonyesha kwamba maji yanaingia kwenye silinda hiyo na mvuke unaisugua.

Hatua ya 4: Maliza sababu za bei ndogo kwanza

Hatua hii nitaikalia kwa muda, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha adabu. Miaka kadhaa iliyopita nililipa gereji moja hapa Arusha kubadilisha ringi za Land Rover yangu. Kazi ilichukua wiki tatu, na gari likarudi likitoa moshi wa bluu uleule. Chanzo kilikuwa chujio la hewa. Land Rover za Series, na magari mengi ya wakati huo yaliyoandaliwa kwa barabara za vumbi, zina chujio lenye bakuli la oili chini yake, na mtu alikuwa amelijaza kupita alama. Injini ilikuwa inanyonya oili kwa juu kupitia kabureta, nami nikaitafuta chini kwenye ringi. Tiba ilikuwa kumwaga kikombe kimoja cha oili.

Kwa hiyo kagua kwa utaratibu. Kwanza, soma stiki ya oili gari likiwa mahali tambarare. Oili iliyozidi alama ya juu hupigwa na kranki shafti, hugeuka povu na kupanda mpaka kwenye silinda. Pili, fungua chujio la hewa, safisha bakuli, jaza mpaka kwenye alama tu. Ikiwa gari lako linatumia chujio la karatasi na unaishi upande wa vumbi, mathalani njia ya Kisongo au Mererani, usisubiri kilomita za kitabu, likague kila mwezi. Vumbi letu la volkano linakwangua silinda kama msasa, na chujio lililoziba hulazimisha injini kuvuta petroli nyingi na hewa kidogo, ukapata moshi mweusi.

Tatu, kagua bomba la pumzi ya injini, ambalo kwa kawaida liko kwenye mfuniko wa valvu au kwenye mfuniko wa kujazia oili, likiwa na wavu ndani. Wavu huo ukiziba kwa tope la oili, shinikizo la chini halina pa kutokea na husukuma oili kupita ringi na siili hata zikiwa nzima. Uoshe kwa petroli, ukaushe, uurudishe. Nne, hakikisha choki inarudi mpaka mwisho. Kebo ya choki iliyoshika kutu ni sababu ya kawaida kabisa ya moshi mweusi, na dereva hajui kwa sababu kitasa cha ndani kinaonekana kimerudi.

Endesha gari siku mbili au tatu baada ya haya, ndipo uendelee na hatua zinazofuata.

Hatua ya 5: Moshi mweusi, na habari ya mwinuko wetu

Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko kati ya mita 800 na 900. Hewa ya Arusha ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, ilhali kabureta haina akili ya kulijua hilo na huendelea kumwaga petroli karibu kama ilivyokuwa pwani. Gari lililorekebishwa Dar likaletwa hapa litakuwa na mchanganyiko mzito, na moshi wa kijivu unaoelekea weusi wakati wa kupanda si ajabu.

Kwenye kabureta za Solex namba ya jeti kuu, yaani kitundu kinachopima petroli, ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30. Kwa hesabu ya wepesi wa hewa, gari linaloishi Arusha linahitaji kipenyo kipunguzwe kwa karibu asilimia tatu mpaka nne, hivyo 130 ikawa 125. Kwa Moshi punguzo ni kama nusu ya hilo, na mara nyingi halistahili usumbufu. Hifadhi jeti ya zamani ndani ya gari. Ukishuka pwani na jeti ndogo mchanganyiko unakuwa mwepesi, na valvu za kutolea moshi huungua. Wala usimruhusu mtu yeyote kusafisha jeti kwa waya au kuipanua kwa sindano, kwa maana tundu likishaharibika halirudi.

Kabla ya kugusa jeti lakini, kagua boya linaloelea ndani ya kabureta na sindano yake inayofunga petroli. Zima injini iliyo ya moto, toa chujio, angaza kwa tochi ndani ya koo la kabureta. Petroli ikiwa inadondoka, sindano haifungi au boya limetoboka. Toa boya ulitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, jibu umelipata. Kagua pia pointi za distribyuta na nguvu ya cheche, kwa sababu cheche dhaifu huacha petroli bila kuungua hata kabureta ikiwa haina kosa.

Hatua ya 6: Moshi mweupe usiokwisha

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi. Jaza rejeta mpaka shingoni na uache mfuniko wazi. Ondoa mkanda wa feni ili pampu ya maji isizunguke, washa injini, tazama maji kwa dakika moja, na usizidishe dakika mbili. Mapovu yanayopanda mfululizo ni gesi ya silinda inayopenya kwenye njia za maji, na hapo ama gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) imekufa au hedi ina ufa. Vitabu vya nje vitakuambia unuse harufu tamu kwenye bomba, lakini harufu hiyo ni ya dawa ya rejeta, na wengi wetu tunajaza maji ya bomba peke yake, hivyo pua haitakusaidia.

Tope jeupe kama chai ya maziwa chini ya mfuniko wa kujazia oili huwatisha watu kupita kiasi. Gari linaloenda sokoni na kurudi asubuhi za baridi litakuwa nalo kwa sababu ya unyevu tu. Tazama stiki: oili ya kwenye stiki ikiwa nayo imegeuka maziwa, hapo simamisha gari.

Ikiwa maji hupungua usiku na asubuhi stata inagoma kama iliyogonga ukuta, usilazimishe. Silinda inaweza kuwa imejaa maji, na maji hayabanwi. Kinachopinda ni mkono wa pistoni. Toa plagi, funika matundu kwa kitambaa, kisha zungusha injini ili maji yatoke.

Kufungua hedi hufanywa injini ikiwa baridi, bolti zikilegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati. Safisha uso wake, weka rula ya chuma iliyonyooka, na jaribu kupitisha fila ya milimita 0.10 chini yake kwa urefu na kwa mshazari. Ikipita, peleka hedi kwenye karakana ya mashine ikasawazishwe na kukaguliwa ufa. Arusha utazipata karakana hizo mtaa wa Unga Limited, na uliza mwenyewe kazi ya awali kabla ya kuacha kitu chako. Matundu ya bolti yakaushwe vizuri, kwa maana oili au maji yaliyobaki chini hupasua bloku wakati wa kukaza. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, kwa kipimo cha kitabu chako.

Onyo kwa wenye Peugeot 504, gari ambalo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na bado linastahili heshima: injini yake ya silinda nne ina silivu, yaani kuta za silinda zinazochomoka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja, zimekaa juu ya siili nyembamba kwa chini. Hedi ikishatoka, usizungushe injini hata kidogo mpaka silivu zimebanwa kwa vipande vya chuma na bolti. Silivu ikiinuka kidogo tu, siili inavunjika, maji yanaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kazi ya gasketi inageuka kuwa kazi ya injini nzima.

Hatua ya 7: Pima kompresheni, kavu na yenye oili

Injini iwe ya moto, plagi zote nje, waya wa koili umechomolewa, na msaidizi akanyage mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Zungusha kila silinda mizunguko ileile, kama mipigo sita, na uandike namba. Kisha mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye kila silinda na upime tena.

Namba zikipanda sana baada ya oili, ringi au silinda zimelika. Zisipopanda, upungufu uko kwenye valvu au gasketi. Na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka kati yao.

Hapa kuna kosa linalofungua injini nyingi bila sababu. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ya Arusha ni pungufu kwa takriban asilimia 15, na ya Moshi kwa asilimia 10, na geji itasoma pungufu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kitabu kikisema paundi 150 kwa inchi ya mraba, injini nzima ya Arusha inaweza kusoma 127 na isiwe na kosa lolote. Linganisha zaidi silinda kwa silinda: tofauti ikiwa ndani ya asilimia 10, usiwe na haraka.

Zingatia pia kwamba kipimo hiki hakioni kila kitu. Ringi ya chini kabisa kazi yake ni kukwangua oili, si kubana hewa, hivyo inaweza kuwa imegandamana na kompresheni ikasoma vizuri. Gaidi za valvu nazo hazionekani kwenye geji. Ndiyo maana ninarudi tena na tena kwenye daftari la Hatua ya 1.

Hatua ya 8: Badilisha siili za valvu bila kutoa hedi

Kwa injini ambayo valvu zake ziko juu, kazi hii inawezekana kwa kamba. Leta pistoni ya silinda husika karibu na juu, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kisha irudishe chini kidogo. Ingiza kamba ya nailoni kupitia tundu la plagi mpaka nafasi ijae, ukiacha mkia mrefu nje. Zungusha kranki kwa mkono, polepole, mpaka pistoni ibane kamba dhidi ya valvu. Sasa unaweza kubana springi, kutoa vipande viwili vidogo vya kufungia, kuondoa springi, na kuvalisha siili mpya iliyopakwa oili, bila valvu kudumbukia. Ziba matundu ya kurudishia oili kwa kitambaa kabla ya kuanza, kwa sababu kipande cha kufungia kikianguka kwenye sampu utamaliza siku ukikitafuta.

Springi ikiwa nje, shika shina la valvu na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza waziwazi, gaidi imekwisha, na siili mpya itadumu wiki chache tu. Gaidi hubadilishwa hedi ikiwa nje. Ukifika huko, omba viti vya valvu za kutolea moshi viwekwe vya chuma kigumu, kwa kuwa injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo eneo lote la kusini mwa Sahara liliachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Hatua ya 9: Ringi, baada ya yote hayo

Ikiwa gari lilikaa miaka bila kuwashwa, jaribu kwanza kuzilegeza. Mimina kwenye kila silinda vijiko viwili vya mchanganyiko wa mafuta ya gia ya otomatiki na dizeli, nusu kwa nusu, uache usiku mbili. Zungusha injini plagi zikiwa nje ili mchanganyiko utoke wote, badilisha oili ya injini, kisha endesha gari kilomita mia kadhaa kabla ya kuhukumu. Nimeona injini mbili zilizopona hivyo, na nyingine nyingi ambazo hazikupona, lakini gharama yake ni ndogo.

Ukilazimika kufungua, pitisha ukucha sehemu ya juu ya silinda. Ukingo unaokwaza ukucha ni alama ya kulika. Ringi mpya itaugonga na kuvunjika, hivyo ama ukingo uondolewe au silinda zichongwe na kuwekewa pistoni za saizi kubwa. Ukuta unaong'aa kama kioo lazima ukwanguliwe kwa mawe ya kusugulia mpaka uwe na mistari inayokatana kwa takriban nyuzi 45, la sivyo ringi mpya hazitakaa hata zikiwa za asili. Ingiza kila ringi peke yake ndani ya silinda na upime mwanya wa ncha zake kwa fila kabla ya kuivalisha. Baada ya kuwasha, usiache injini silensa muda mrefu; endesha kwa mwendo unaobadilika, bila kuilemea, na ubadilishe oili baada ya kilomita 800.

Yanayojitokeza baada ya kazi

Moshi wa bluu unaendelea siku chache baada ya matengenezo mazuri. Mofla na bomba vimejaa oili ya zamani inayoungua polepole. Nenda Boma Ng'ombe na kurudi kwa mwendo wa barabara kuu, kisha utazame tena. Ukiendelea baada ya kilomita mia mbili au tatu, rudi kwenye daftari.

Moshi mweupe mzito, lakini maji ya rejeta hayapungui. Kagua kikopo cha mafuta ya breki. Kwenye magari yenye servo ya breki, yaani kifaa kinachotumia mvuto wa injini kuongeza nguvu ya breki, siili ikifa, injini huyanyonya mafuta hayo kupitia bomba la mvuto na kuyachoma, huku chini ya gari pakiwa pakavu. Hapo hatari ni ya breki kabla ya kuwa ya moshi, hivyo gari lisitembee. Kwenye baadhi ya magari ya otomatiki ya zamani, mafuta ya giaboksi yanaweza kunyonywa kwa njia inayofanana.

Volkswagen yenye umbo la kobe hutoa wingu inapowashwa, kisha hukoma. Silinda zake zimelala, na likiegeshwa upande mmoja ukiwa chini, oili hutiririka kuelekea huko. Liegeshe mahali tambarare usiku mmoja kabla ya kulilaumu. Gasketi ya maji haina hata hivyo, kwa sababu injini hiyo hupozwa kwa hewa.

Moshi na mlio wa kugonga ndani ya injini vimeanza siku moja, mara tu baada ya kujaza tangi. Shuku petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaga petroli yote iliyo kwenye tangi, badilisha chujio la petroli, jaza mahali pengine, kisha upime upya kabla ya kugusa kabureta.

Mtu amekushauri kumwaga oili nzito sana au dawa ya kuzuia moshi. Itaficha dalili kwa muda, na ndiyo silaha ya wauzaji wa magari mabovu. Oili ya 20W-50 inatosha kwa injini nyingi za umri huu.

Kimo cha oili kinapanda badala ya kushuka, na stiki inanuka petroli. Pampu ya petroli inayosukumwa na injini imepasuka utando wake, na petroli inaingia kwenye sampu. Oili iliyochujuka hupita ringi kwa urahisi na kutoa moshi, na beringi za kranki zinazunguka karibu kavu. Usiwashe tena mpaka pampu imebadilishwa, na oili yote pamoja na chujio lake vimewekwa vipya.